Blanketi la Jeshi Chini ya Gomesi

Nimeshona gomesi nyingi hapa Kasubi. Za harusi, za misiba, za wanawake wanaonipigia simu Ijumaa jioni wakitaka nguo Jumamosi asubuhi, ati mimi na cherehani yangu hatuna haja ya kulala. Zote nimezisahau. Ninayoikumbuka ni nguo moja tu, na hiyo hata haikuwa ya kuonekana na watu. Ilivaliwa ndani. Nilimshonea mama yangu kutoka kwenye blanketi la jeshi.

Kwa asiyejua, gomesi ni lile vazi refu la wanawake wa huku, mabega yamesimama, mkanda mpana umefungwa kiunoni na kuning'inia mbele. Halimkai mtu mwembamba. Ndiyo maana wanawake wengi hufunga kikoi ndani, wengine hata viwili, ili nyonga zijae na vazi likae vizuri. Hakuna anayeona haya. Mteja akija kupimwa, namuuliza kabisa, unavaa na vikoi vingapi? Anajibu, napima, maisha yanaendelea.

Mama hakuwahi kuhitaji kikoi hata kimoja. Alikuwa mwanamke mkubwa, mkubwa kwelikweli, na alikuwa na kibanda cha chakula pale soko la Kalerwe. Posho, yaani ugali, maharage, mchuzi wa njugu, samaki mkavu wa kutoka kwetu Arua. Wachuuzi walikuwa wakimwona anakuja asubuhi kwa mbali, wanaita, "Maama, umekuja na mlima wako!" naye anawajibu kwamba mlima haununuliwi, unapandwa kwa jasho. Walicheka, wakakaa, wakala. Mwili wake ndio uliokuwa bango lake. Nani anataka chakula cha mpishi aliyekonda?

Lakini mwili huohuo ulikuwa unamla. Sukari alikuwa nayo miaka mingi. Magoti yalivimba akawa anapanda ngazi za kanisani kwa kushika ukuta. Fizi zilitoka damu kila akipiga mswaki, majipu yalimtoka kwenye mikunjo ya ngozi, moja likikauka lingine limeshaanza. Kila kitu tulikitibu peke yake. Jipu, dawa ya jipu. Goti, mafuta ya kuchua. Hakuna aliyetuambia kwamba vyote hivyo vilikuwa ndugu.

Aliyetuambia ni daktari mmoja wa kliniki ya sukari, binti mdogo mwenye sauti ya upole, ambaye mwanzoni nilimdharau kwa sababu alionekana kama bado anasoma. Alikaa nasi muda mrefu kuliko daktari yeyote. Akachukua karatasi akachora tumbo la mama, duara kubwa. Akasema mafuta ya tumboni hayakai tu kimya kama mafuta kwenye chupa. Yanatuma habari mwilini kote kwamba kuna adui. Mwili unaamka kupigana, unawaka ndani kwa ndani, si moto mkali wa homa bali moto wa chini usiozimika, mwaka baada ya mwaka. Moto huo ndio unaofanya insulini ya mwili isisikilizwe, sukari ikapanda. Ndio unaochochea magoti na fizi, na sukari ikishapanda, vidonda navyo havitaki kupona. Na fizi zikioza, nazo zinaongeza kuni.

Mama alisikiliza, mikono juu ya tumbo. Yeye Kiswahili chake ni kile cha kambini, maana alimfuata baba yangu, mwanajeshi, kambi moja hadi nyingine mpaka baba alipofia kazini. Akanigeukia akasema, "Hii mimi najua. Askari nakaa zamu mwaka mzima, adui hapana. Sasa yeye nafanya nini? Naanza kupiga raia."

Nilimtafsiria daktari. Alicheka mpaka akavua miwani, akasema hajawahi kusikia mtu akieleza vizuri hivyo. Mimi sikucheka. Nilimuuliza, sasa si kuna kidonge cha kuuzima huo moto? Sukari ina kidonge, presha ina kidonge. Akatikisa kichwa. Akasema watu wanatafuta, wanajaribu hiki na kile, lakini hana kidonge kimoja cha kunipa niende nacho nyumbani. Dawa aliyo nayo ni hii: mama apunguze mwili, atembee, fizi zitibiwe, vidonge vya sukari asikose hata siku moja.

Basi mama alifanya. Hili nataka lieleweke, kwa sababu watu hupenda kusema wagonjwa wa sukari hawasikii. Mama yangu alisikia. Aling'olewa meno matatu, fizi zikasafishwa. Posho akaanza kuipika bila kuila. Alitembea kutoka Kalerwe hadi nyumbani Kasubi, mimi nikitembea naye, tukigombana njia nzima kuhusu mwendo wangu, kwamba natembea kama askari mgeni. Miezi ilipita. Majipu yakakauka na hayakurudi. Fizi zikaacha damu. Siku moja nilimwona anapanda ngazi za kanisa bila kushika ukuta. Niligeuza uso asinione ninavyolia, maana angenisema mbele ya waumini.

Na alikonda. Nguo zilimlegea. Uso ulishuka, shingo ikatoa mifupa ambayo mimi mwanawe sikuwahi kuiona.

Hapa lazima niwaeleze jambo la huku kwetu. Nilipokuwa msichana mdogo, mdogo wake mama aliletwa kwetu kambini akiwa mgonjwa. Alikuwa na UKIMWI, ule ugonjwa tulioita silimu, kwa sababu uliwakondesha watu mpaka wakaisha. Alikaa nasi katika chumba kimoja, mama akimwosha, akimlisha uji kwa kijiko, mpaka alipokufa. Wakati huo mama alikuwa anauza mandazi kambini. Hakuna aliyenunua. Si wiki moja, si mbili. Wanawake waliokuwa wakikopa chumvi kwetu walipita mbali na mlango wetu. Mimi nilitumwa na sinia la mandazi nikarudi nalo vilevile, na mama akayamwaga, akanitazama akasema, "Mimi lazima iko mnene." Akaanza kula. Nadhani hakuacha tena mpaka siku ile daktari alipochora duara.

Siku hizi dawa zipo, watu wanaishi, wanazeeka, wanazika wenzao waliowacheka. Kila mtu anajua. Lakini macho hayajui. Macho ya Kalerwe yalimwona mama anakonda yakakumbuka ya zamani.

Wa kwanza kusema alikuwa jirani yake wa kibanda, mwanamke muuza matoke. Na alisema kwa upendo, hilo ndilo lililoniuma. Alikuja na uji wa mtama kwenye chupa ya chai, akamshika mama mkono akamwambia kwa sauti ya chini kwamba asiogope, siku hizi kuna vidonge, mtu hafi, na anamfahamu muuguzi asiyetoa siri za watu. Mama akamshukuru. Aliunywa uji wote mbele yake. Baada ya hapo wateja wakaanza kupungua, mmoja mmoja, kwa adabu kabisa, huyu anasema leo ameshiba, yule anasema daktari amemkataza njugu. Sufuria zikarudi nyumbani zimejaa.

Jioni moja mama aliingia chumbani kwake akatoka na blanketi la baba. Lile la jeshi, la kijivu, zito, linalokwaruza. Tulilitunza miaka yote sandukuni pamoja na mkanda wake. Akaliweka juu ya cherehani yangu.

"Shona."

"Nishone nini, Mama?"

"Mwili," akasema.

Nilikataa. Niseme wazi kwamba nilikataa kwa maneno makali, nikamwambia amepona, kwa nini ajivike ugonjwa ati watu wafurahi, watu wenyewe wachuuzi wa vitunguu! Akaniacha nimalize. Kisha akaniuliza kama nakumbuka sinia la mandazi. Nikachukua mkasi.

Na mimi nikiamua kushona, nashona. Nililikata blanketi, nikalikunja mara nne kwenye nyonga, mara mbili tumboni, nikaongeza kitambaa laini ndani lisimkwaruze, na vifuko vya mchanga ndani ya mikunjo lining'inie zito kama nyama. Nikafuata vipimo vyake vya zamani, ambavyo nilikuwa navyo kwenye daftari. Alipolivaa na gomesi juu yake, akajitanda mtandio hadi mashavuni, alisimama mbele ya kioo akageuka huku na huku. Mama yangu wa zamani alikuwa amerudi. Hata mimi nilitabasamu, Mungu anisamehe. Nilijisifu moyoni kwa mshono.

Kalerwe ikarudi. "Maama, mlima umerudi!" Naye anawajibu. Akirudi nyumbani anavua lile furushi, mgongo umelowa, ngozi imekuwa nyekundu kiunoni, anakaa uani na kanga moja, mwembamba, anapepewa na upepo. Magoti hayaumi. Alikuwa mzima, jamani. Alikuwa mzima chini ya blanketi.

Siku ya kliniki ilifika. Nilimwambia avue. Akasema muuza matoke naye ana miadi ya presha siku hiyohiyo, hospitali hiyohiyo, benchi moja. Nikamwambia basi vua ukifika kwenye mzani. Mbele ya benchi lote? Nikambebea mkoba, tukaenda. Ninavyokumbuka mwaka ule, naona nilinyamaza mara nyingi mno kwa mtu mwenye mdomo kama wangu.

Akapanda kwenye mzani na blanketi lake. Muuguzi akaandika. Kisha tukaambiwa vijiti vya kupimia sukari vimeisha, vitakuja wiki ijayo, labda. Kwa hiyo daktari alikuwa na kitu kimoja tu cha kutazama, namba ya mzani. Aliitazama. Akafungua kurasa za nyuma, akatazama tena.

"Maama, kilo hazijashuka hata moja," akasema. Hakukasirika, alihuzunika. "Unatembea?"

"Natembea."

"Chakula?"

"Kama ulivyosema."

Daktari akanitazama mimi. Macho yake yalikuwa yanaomba nimsaidie. Mama naye alinitazama, na jicho la mama yangu likikutazama hivyo, hata ukiwa na mvi unarudi kuwa mtoto mwenye sinia. Mlango ulikuwa wazi. Benchi lilikuwa pale nje, na muuza matoke alikuwa ameinua shingo akitabasamu.

Nikasema, "Anajitahidi, daktari."

Basi akaongeza vidonge. Vile vidogo vyeupe vya kusukuma sukari ishuke, vilivyokuwa kimoja asubuhi vikawa viwili asubuhi na kimoja jioni. Akasema huenda mwili umekuwa mgumu, moto wa ndani haujapungua, tuusukume kwa nguvu zaidi. Mama akakunja karatasi akaitia kwenye mkoba. Njiani nilimwambia, Mama, dozi hiyo ni ya blanketi, si yako, usiimeze. Akasema daktari amesoma. Mwanamke aliyedanganya mzani, lakini dawa hakutaka kuidanganya! Alimeza vidonge vyote kama alivyoandikiwa, kwa saa yake, huku akiniambia kwamba wa kubishana na daktari si mimi. Siku zile alikuwa akitokwa na jasho kibandani hata asubuhi ya baridi, akisema ni blanketi.

Wiki ya tatu binti wa muuza matoke alikuwa na kwanjula, yaani siku ya bwana harusi kuja na ukoo wake kujitambulisha kwa wazazi wa msichana. Mama alialikwa akae upande wa wazazi, mstari wa mbele. Nilimshonea gomesi mpya ya rangi ya zambarau. Alimeza vidonge vyake viwili asubuhi, chai bila sukari, kipande cha muhogo, tukaenda.

Anayejua kwanjula anajua chakula hakiliwi mpaka maneno yaishe, na maneno hayaishi. Wasemaji wa pande mbili walitaniana, wakadaiana faini, wakaimba. Wageni wenyewe walichelewa kufika. Saa nane ikapita, saa tisa. Sufuria zilikuwa zinanukia nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, kwenye viti vya vijana, nikamwona mama anafuta uso kwa leso. Akafuta tena. Kisha akasimama katikati ya maneno ya msemaji, akaanza kuongea na baba yangu. Alimwita kwa cheo chake. Akamwambia blanketi liko sandukuni, asiwe na wasiwasi.

Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni utani wa sherehe. Halafu akaanguka.

Nilikimbia nikirukia viti. Nilipofika, muuza matoke alikuwa ameshapiga magoti, anapiga kelele, "Banange, jamani, mpeni hewa! Mfungulieni!" Mikono yake ilikuwa inafungua mkanda wa gomesi. Nilisema acha. Nilisema mpeni soda, sukari imeshuka, leteni soda! Nani anasikia? Wanawake watatu walimsaidia kuvuta. Gomesi ilifunguka, na blanketi likatoka. Walilivuta, likaendelea kutoka, mkunjo baada ya mkunjo, kijivu, limelowa jasho, na mshono wangu mzuri ukakatika trrr mbele ya koo mbili. Chini yake mama yangu alikuwa amelala, mdogo, mbavu zinapanda na kushuka.

Nilimwinua kichwa nikampaka soda kwenye fizi, zile fizi zake zilizopona, kidogo kidogo kwa kidole, mpaka mtu akaleta gari.

Aliamka hospitalini kwa dripu ya sukari. Kesho yake nilimweleza yule daktari yote, nimesimama koridoni, sina pa kuweka mikono. Nilitegemea anigombeze. Ningefurahi angenigombeza. Alimpima mama upya, kwa shuka ya hospitali tu, akatazama mzani kwa muda mrefu. Kilo kumi na tatu zilikuwa zimekwisha.

"Kumbe ilikuwa inafanya kazi," akasema. "Tulikuwa tunashinda."

Akapunguza vidonge, akavifuta karibu vyote. Akampima mama damu na ile silimu pia, kwa sababu mama mwenyewe aliomba, na jibu likaja kwamba hana. Nilitaka nilibandike lile jibu kwenye nguzo ya kibanda. Mama alikataa. Akasema mtu asiye nayo hajibandiki karatasi. Na alikuwa sahihi, kwa sababu sasa mambo yalikuwa mabaya kuliko mwanzo. Zamani walikuwa wanadhani. Sasa waliona amejificha, na anayejificha ana cha kuficha. Muuza matoke alikuja na uji tena. Safari hii alilia.

Mama alikaa kwenye kibanda chake siku nyingi akifukuza nzi. Nilikwenda kukaa naye, nikanunua chakula chake mwenyewe nikala mbele za watu, kwa kelele, nikisifia mchuzi. Wakanionea huruma na mimi. Nilirudi nyumbani nimeshiba na hasira nisijue pa kuipeleka. Ungempiga nani? Kila mtu alikuwa mwema.

Halafu siku moja nilimkuta mama nyuma ya kibanda anakula. Sahani ya posho iliyorundikwa, njugu juu yake, chupa ya soda pembeni. Alikula bila raha, kwa bidii, kama mtu aliyepewa kazi aimalize. Nilisimama pale. Nikamwambia, Mama, magoti. Nikamwambia, Mama, moto. Nikamkumbusha askari wake wanaopiga raia. Akameza, akafuta mdomo.

"Mwanangu," akasema, "mimi kwisha fika huko kwa wembamba. Huko watu hapana."

Nilimpikia mboga, alikula mboga na posho juu yake. Nilificha soda, alinunua nyingine. Nilimwita daktari kwa simu wakaongea, mama akaitikia ndiyo, ndiyo, ahsante. Uso ulijaa kwanza, kisha mikono. Wateja walirudi wakimpongeza, "Maama, umepona! Mungu mkubwa!" Walimkumbatia. Aliyekuwa mzima walimkimbia, na alipoanza kuugua wakamkumbatia. Jipu la kwanza lilitoka mgongoni wakati wa mvua. Asubuhi nikaona damu kwenye mswaki.

Juzi tulikuwa kliniki. Mama alipanda ngazi kwa kushika ukuta. Muuguzi wa mzani sasa anatujua, kisa chetu kinajulikana jengo zima. Mama alipopanda, muuguzi aliona namba, akakunja uso, akainama kumpapasa kiunoni, kwa heshima, akitafuta kitambaa. Akapapasa nyonga. Akapapasa tumbo.

"Maama, toa ulichovaa ndani, tafadhali."

"Andika tu," mama akasema. "Leo hakuna."

Muuguzi akanitazama, nami nikasogea. Niliingiza mkono chini ya mkanda wa gomesi yake, mimi niliyeishona, ninayejua kila pindo lake. Nilikuta ngozi, ina joto. Namba kwenye mzani ilikuwa ileile ya siku ya blanketi. Nilibaki nimeushikilia mwili wa mama yangu, nikitafuta mkunjo wa kuvuta, nikitamani blanketi liwepo.